Karanga za nyegere

Kijiwe cha kahawa pale Mtoni Mtongani, Dar es Salaam, hakimwonei haya mtu aliyetoka Ulaya. Niliporudi likizo safari hii, baada ya shikamoo na pole na safari, nikaulizwa: "Kule ukitoka kazini unafanya nini?" Nikasema kweli. Jumamosi alfajiri nachanja wanyama wa porini, na silipwi. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

Mnyama mwenyewe Waingereza humwita badger. Mimi namwita nyegere wa Kizungu, ingawa wetu hula asali na huyu hula nyungunyungu. Ana kichwa cheupe chenye michirizi miwili myeusi, hutoka usiku, na ukoo mzima hukaa kwenye mashimo waliyorithi kwa waliowatangulia. Sheria ya mwaka 1992 inamlinda: ukimuua au kuvuruga shimo lake bila kibali, jela hadi miezi 6. Lakini tangu 2013 serikali hiyohiyo imetoa vibali wakauawa zaidi ya 200,000, kwa sababu wanabeba kifua kikuu cha ng'ombe na wafugaji wanalia. Sisi tunaochanja tunajaribu njia ya tatu.

"Chanjo gani hiyo?"

BCG, ya kifua kikuu. Jamaa mmoja akapandisha mkono wa fulana, akanionyesha kovu la begani. "Hii hii?" Hii hii. Hapo nilichekwa hadi kahawa ikapoa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unatega kizimba karibu na shimo, unakiacha wazi, unaweka karanga chini ya jiwe zito ili ndege na kindi wasizimalize. Unarudi kila siku kuongeza, hata mvua ikinyesha, mpaka mnyama azoee. Ndipo unatega kweli. Kabla jua halijapanda unakuta jinyama limekaa humo, limeshiba, limekasirika. Sindano moja, unalipaka rangi manyoya usije ukalirudia, unafungua mlango. Linaondoka bila kuaga. Karanga zangu za mwezi mmoja zingetosha kashata za mtaa mzima.

Kikundi chetu, karibu na mji wa Derby huko Uingereza, kina watu 9, wengi wastaafu, na wawili tu wana leseni ya kushika sindano. Ng'ambo ya mto kuna kikundi kingine chenye vizimba vingi na hakina mchanjaji hata mmoja. Ungedhani wangeungana siku hiyohiyo. Ilichukua mwaka na zaidi, na kilichokwamisha ni ramani.

Kila kikundi kina daftari la mashimo, na daftari hilo ni siri kweli kweli. Wapo watu wanaotafuta mashimo hayo ili waingize mbwa wapigane na mnyama. Mchezo huo ulipigwa marufuku mwaka 1835, na bado unafanyika. Kwa hiyo mama wa miaka 70 na ushee, mpole, anayekukaribisha chai na keki, ukimwomba ramani anageuka askari wa lindo. Wa kwetu hawakutoa. Wa ng'ambo nao hawakutoa. Mnyama mwenyewe mto haumhusu; akitaka kuvuka, anavuka.

Nikawasimulia wale wa vikundi viwili kuhusu kikoba cha mama yangu, kikundi cha kuweka akiba: sanduku moja, kufuli tatu, na kila ufunguo kwa mtu wake. Kwa nini ramani itembee? Itembee miguu ya mtu. Siku ya kuchanja ng'ambo, mwenyeji wa huko anatangulia, sisi tunafuata na sindano, hatuandiki kitu. Siku ya kwetu, hivyo hivyo. Walinyamaza kidogo, yule mama akaniuliza kufuli ya tatu inashikwa na nani. Nikajua tumekubaliana.

Kijana mmoja kijiweni akasema hayo mbona yapo hapa hapa: ukivuka Kigamboni, kuna wanakijiji wanaopita ufukweni alfajiri kutafuta nyayo za kasa na kulinda mayai, wakishirikiana na shirika la Sea Sense. Kweli kabisa. Nilikulia hapa, na sikuwahi kuamka mapema kwa ajili ya kasa. Ilibidi nipande ndege.

Baba mdogo alikuwa kimya muda wote. Yeye ana mizinga ya nyuki Kisarawe, na nyegere wa kwetu anamjua kwa makucha. Ameshaning'iniza mizinga kwa waya, ametafuta miti laini isiyopandika, na bado kuna asubuhi anakuta masega chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi nyegere ananifilisi, wewe unamnunulia karanga."

Sikuwa na jibu, nikamwongezea kahawa. Akanywa, akaweka kikombe chini.

"Hao wa ng'ambo ya mto, mkiwaazima vitu, wanarudisha?"

"Wanarudisha, Ba'mdogo. Vizimba ni vyao, sisi ndio tunaoazima."

"Na nyie mnarudisha?"

Kuna viwili viko gereji kwangu hadi leo.