Kupima interlukini-6: nilivyodhibiti majibu yasiyoaminika

Majibu mengi mabovu ya interlukini-6, protini ya kinga inayopanda damuni mtu akiwa na maambukizi, yalikuwa yameshaharibika kabla seramu (majimaji ya damu iliyoganda) haijafika kwenye sahani ya ELISA, kipimo kinachoinasa protini hiyo kati ya kingamwili mbili na kuionyesha kwa rangi inayoletwa na kimeng'enya. Chembe nyeupe bado zi hai ndani ya tyubu. Damu ikikaa mezani saa kadhaa, huendelea kutoa saitokini (protini za kinga, interlukini-6 ikiwemo), na mtu mwenye afya njema akaonekana ana maambukizi. Ndiyo maana kila tyubu naiandika saa ya kutolewa damu. Naiacha igande dakika 30, naizungusha kwenye sentrifuji kwa 1,000 g dakika 15, halafu seramu naigawa mikrolita 250 kwa kila kichupa na kuiweka kwenye freza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kikishayeyuka sikirudishi. Seramu yenye wekundu wa chembe zilizopasuka siipimi. Naomba damu nyingine.

Kila sampuli naiweka kwenye visima viwili vya sahani, mikrolita 100 kila kimoja. Vikipishana zaidi ya asilimia 15 narudia, na mara nyingi kosa liko kwenye kuosha. Naosha mara 4 kwa mikrolita 300 za bafa ya fosfeti yenye Tween-20 asilimia 0.05, na kila mara naigonga sahani kifudifudi juu ya karatasi ya kufyonza hadi isiache alama ya maji. Kimeng'enya kikibaki kisimani, rangi hupanda hata pale pasipo na interlukini. Sahani na vitendanishi vitoke kwenye friji nusu saa kabla, maana vikiwa baridi visima vya pembeni huwahi kupata joto kuliko vya katikati. TMB, kemikali inayogeuzwa rangi na kimeng'enya, naifunika gizani dakika 20, naizima kwa asidi ya salfuri, nasoma kwenye nanomita 450 na kuondoa usomaji wa 570.

Grafu ya viwango, ile ya kugeuza rangi kuwa kiasi cha interlukini, naichora kwa mlinganyo wa vigezo vinne, wenye mkunjo wa umbo la S. Mstari ulionyooka hupotosha sampuli za chini, na humo ndimo wengi wenye afya walimo, chini ya pikogramu 10 kwa mililita. Mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, anaweza kufika maelfu. Sampuli iliyopita kiwango cha juu naizimua mara 10 na kuipima upya, sikisii.

Katika kusoma majibu, CRP (protini nyingine ya damuni inayopanda mtu akiugua) ikiwa juu na interlukini-6 iko chini, si lazima kipimo kimekosea: interlukini-6 ndiyo inayoliamuru ini litengeneze CRP, nayo hutangulia kupanda na hutangulia kushuka. Aliyechomwa tocilizumab, dawa inayoziba vipokezi vya interlukini-6, atakuwa na kiwango kikubwa cha interlukini hiyo kwa sababu vipokezi vimezibwa. Mwenye baridi yabisi anahitaji tahadhari zaidi: kingamwili zake za rheumatoidi, ambazo hushika kingamwili nyingine, zinaweza kuzishikanisha kingamwili mbili za kipimo pasipo interlukini yoyote katikati. Naizimua seramu kwa hatua. Kiwango kisiposhuka kwa uwiano ule ule, jibu silitoi.