Vichwa vya Mazembe: kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya sita

Wiki ya kwanza niliipoteza kwa mtakatifu. TP Mazembe, timu yetu ya soka, ilianza 1939 ikiitwa Saint-Georges, kazi ya wamisionari Wabenedikti hapa Lubumbashi, na mimi nilitaka kila zama ya klabu ipate kichwa cha kuvaa, cha karatasi na gundi. Sura ya mtu ikanishinda. George wangu alifanana na dereva wa teksi aliyekesha. Nikamwacha, nikatengeneza lile joka aliloliua katika hadithi yake. Saint-Paul, jina lililofuata, nimeliruka.

Kisha ikaja Englebert. Hiyo ilikuwa chapa ya matairi ya Ubelgiji, na klabu ilibeba jina lake hadi ikatwaa ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, "Tout Puissant" (Mwenye Nguvu Zote, ndiyo TP) likiwa limeshatangulia mbele. TP tunaitamka hadi leo; tairi limesahaulika. Fundi mmoja wa mtaa wa Kamalondo alinipa tairi kuukuu lililokwisha meno upande mmoja. Nililivaa dakika tano, shingo ikauma siku mbili. Likakaa uani.

Wiki ya nne na ya tano zote ni za mamba, yule wa kwenye nembo mwenye mpira mdomoni. Mwili ni sponji ya godoro la zamani, nimeikata kwa kisu cha mkate. Pua niliibandika kwa uji wa unga wa muhogo. Asubuhi sikuikuta: panya walikuwa wameila. Nimerudia kwa gundi ya seremala. Mpira wa kawaida haukuingia mdomoni, nikachukua ule mdogo wa mtoto, na taya linafunguka kwa waya wa breki ya baiskeli.

Ngozi ndiyo iliyonitesa. Nilichora magamba kwa rangi, yakatoka kama nanasi. Nikaenda uani kuvuta hewa, macho yakaangukia tairi: ule upande wenye meno ulikuwa mgongo wa mamba mtupu! Nimelikata kwa msumeno wa chuma jioni mbili (nyaya za ndani zinachoma vidole, vaeni glavu). Kwa hiyo sasa Englebert yupo mgongoni mwa Mazembe, na joka limebaki bila kazi.

Amebaki kunguru. Nembo ina mamba, lakini wachezaji wenyewe tunawaita Corbeaux, yaani Kunguru, na ukimtazama kunguru wa mtaani kwetu unaelewa: mweusi, kifua cheupe, ndiyo jezi yenyewe. Shida ni kwamba kichwa chake ni cheusi kitupu. Nilipomaliza kukipaka, mtoto wa jirani aliuliza, "Papa, hii ni kuku ya kuungua?" Lazima nimshonee kifua. Shuka jeupe lipo nyumbani, ila mwenye shuka ni mke wangu, na mke wangu ni wa Lupopo, wapinzani wetu wa hapa mjini. Jibu lake: shuka lake halitavalishwa kunguru.

Kwa hiyo hadi leo, Jumapili, kunguru ana kichwa, hana kifua.