Maji yamenifika hapa

Leo Ijumaa, na bado naisikia sauti ya Saumu ndani ya ile matatu ya kutoka Bamburi Jumapili. Alikuwa amenilalia begani, nywele zimejaa mchanga, nikadhani kasinzia.

"Mama, nilikuita mara tatu."

"Nilikuwa nakutazama, mwanangu."

"Ulikuwa watazama simu."

"Haya, ulitaka nini?"

"Nilitaka uone maji yamenifika hapa." Akagusa kidevu.

Basi. Hakununa, hakulia, akarudi kulala. Mimi ndiye sijalala. Na wiki yenyewe haikuwa ndogo: baba yao kashuka meli Jumanne baada ya miezi saba, mdogo wangu kaposwa, nyumba imejaa wageni. Lakini kila nikishika mkasi nasikia: mara tatu.

Nilidhani nimejipanga, jamani. Hofu yangu likizo hii ya Desemba ilikuwa matumbo, kwa hivyo ufuoni Pirates, pale Bamburi, tulienda na maji yetu ya kuchemsha, mahamri ya nyumbani, kofia, na nguo za mikono mirefu maana jua la kaskazi halina huruma. Maembe ya kukatwa niliwakataza. Nikawakodia mipira ya tairi, nikaketi. Kisha mteja akaniandikia kuuliza kaptula zake 40 za Januari, nikamjibu. Dakika mbili, labda tatu.

Na ilikuwa bamvua! Mimi mzaliwa wa Kisauni, najua mwezi ukiwa mpevu maji hujaa pomoni kama saa kumi alasiri. Pale mtoto aliposimama maji ya magoti saa nane, saa tisa yanamfika kifuani, na hajasogea hata hatua. Ule mpira nao si kinga, mtoto huchomoka katikati mara moja.

Kinachonikata maini ni hiki: Saumu aliniita kwa sababu bado alikuwa na pumzi ya kuita. Mtoto anayezama haiti. Mdomo unaibuka na kuzama, pumzi yote inakwenda kwenye kutafuta hewa, mikono inasukuma maji chini wala haipungi. Mimi ningekaa pale nikingoja ukelele usiokuja.

Jana asubuhi baba yake akaturudisha huko huko. Mimi sikutaka. Maji yalikuwa yanakupwa, yametulia, akamlaza chali juu ya viganja vyake. "Tia masikio majini. Tumbo juu. Pumua." Mara ya kwanza akakunjika, mara ya pili akanywa maji akakohoa, mara ya tatu baba mtu akaviondoa viganja polepole, na Saumu akabaki juu, vidole vya miguu vimechomoza kama kokwa za mabuyu.

"Mama, waniona?"

Nilikuwa ndani ya maji, dera limelowa hadi kiunoni, nikiunyoosha mkono namgusa. Simu niliiacha nyumbani.

"Nakuona."

"Na sasa?"

"Nakuona, mwanangu."

Akaniuliza tena na tena mpaka kicheko kikamzamisha, akaibuka akiuliza.

Usiku huu nimefungua bunda la pili la kitambaa cha zile kaptula. Buluu yake imekolea kuliko ya kwanza. Nimevitandaza vyote viwili chini ya taa, nikavitoa uani, bado havifanani, na 16 nimeshazikata.