Kisanduku namba 13: nilivyozipata nishani zangu nikiwa Tabata

Kila tarehe 25 Julai baba yangu huamka kabla ya adhana. Hupiga pasi shati lake mwenyewe, hataki kusaidiwa, kisha hufungua kopo la biskuti alilonalo tangu nikiwa mtoto na kuzitoa medali zake: ya Vita, ya Kagera, na mbili za utumishi. Alivuka mto Kagera akiwa kijana wa miaka 22, na Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 alikuwemo. Siku ya Mashujaa huzivaa kwenda Mnazi Mmoja. Akirudi nyumbani Tabata, huzifuta moja moja kwa kitambaa laini na kuzirudisha koponi.

Miaka mitatu iliyopita, akiwa katika kuzifuta, alinyanyua uso akaniuliza, "Mwanangu, na wewe za kwako ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilienda Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikajiunga na Jeshi la Nchi Kavu mwaka 2007, nikawa dereva wa malori ya misafara. Kuanzia Agosti 2010 hadi Julai 2011 nilikuwa Afghanistan. Nilipoacha jeshi mwaka 2013 nilikabidhiwa fomu ya DD 214, karatasi ambayo kwa mstaafu wa jeshi la kule hubeba karibu kila kitu: matibabu, mkopo wa nyumba, hata heshima za kijeshi siku ya mazishi. Niliitia saini bila kuisoma yote, mizigo yangu iko mlangoni. Hilo bado linaniuma.

Nikaileta sebuleni. Baba hajui Kiingereza kingi, lakini karatasi za jeshi anazijua. Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaniuliza nishani zinaandikwa wapi. Nikamwonyesha kisanduku namba 13. Mlikuwa na medali ya ulinzi wa taifa, utepe wa utumishi wa jeshi, na nyingine moja ambayo wengi wa wakati wetu wanayo. Hakuna hata moja ya Afghanistan. Kisha kidole chake kikashuka mpaka kisanduku namba 18, cha maelezo ya ziada, kikasimama kwenye tarehe. Pale iliandikwa waziwazi kwamba nilitumikia Afghanistan, siku niliyoingia na siku niliyotoka. Karatasi moja, saini moja, na nusu yake haiijui nusu nyingine.

"Ushahidi wanao wao wenyewe," baba akasema. "Waandikie."

Mtu mmoja niliyempata mtandaoni alinitaka dola 400 anishughulikie. Nawaomba sana wenzangu mlioko hapa, msitoe hata senti. Kurekebisha kumbukumbu hizi ni bure, na fomu zote zipo wazi kwa kila mtu.

Kitu cha kwanza ni kupata faili lako zima, kwa sababu DD 214 ni muhtasari tu. Nilijaza Fomu ya Kawaida namba 180 (SF 180), ya kuombea kumbukumbu za kijeshi, nikaichapisha steshenari ya jirani, nikaisaini kwa kalamu na kuituma kwa EMS kutoka Posta Mpya kwenda kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis, Missouri. Hapo wazee waliotumikia zamani wana mtihani kuliko mimi: moto wa Julai 1973 uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18, mengi yakiwa ya Jeshi la Nchi Kavu ya walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960. La kwangu lilikuwa la kielektroniki, likaja likiwa kamili.

Nilililaza mezani kurasa zote nikazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nishani ambazo faili lenyewe linazithibitisha. Medali ya Kampeni ya Afghanistan hutolewa kwa aliyekaa kule siku 30 mfululizo, na kila awamu ya vita uliyoshiriki huongeza nyota moja ya shaba juu ya utepe. Awamu moja iliisha tarehe 30 Juni 2011, nyingine ikaanza kesho yake, na mimi nilikuwa bado kule, kwa hiyo nyota zangu ni mbili. Cheti cha medali ya NATO kilikuwemo. Medali ya Pongezi ya Jeshi nayo ilikuwemo, na la muhimu zaidi, ilikuwemo amri yenye namba na tarehe. Cheti cha kutundika ukutani ni kizuri, lakini anayesahihisha kumbukumbu huitafuta ile namba ya amri kwanza.

Fungu la pili lilikuwa na kitu kimoja tu: beji ya kushiriki mapigano, ambayo Jeshi la Nchi Kavu liliianzisha mwaka 2005 kwa ajili yetu tusio askari wa miguu, yaani madereva, mafundi, wapishi, watu wa mawasiliano, tunaokutwa na adui kazini. Hiyo hakuna karatasi iliyoitaja. Haikuwahi kuombwa.

Nusura niyachanganye yote katika ombi moja kwenda kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, kwa fomu ya DD 149. Mwenzangu mmoja tuliyetumikia pamoja alinizuia. Bodi ni mlango wa mwisho. Inataka kwanza umalize njia za kawaida za kiutawala. Kwa mtu wa rika langu, njia hiyo inapita kwenye kamandi ya rasilimali watu ya jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky. Wao wakiridhika, hutoa fomu ya DD 215, ambayo haifuti DD 214 bali huambatanishwa nayo na kutaja kilichoongezwa. Wakikataa, ndipo unapobisha kwenye Bodi. Sheria inakupa miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ingawa Bodi ina uwezo wa kuusamehe ucheleweshaji pale haki inapodai.

Kwa hiyo nikatuma fungu la kwanza peke yake: barua ya ukurasa mmoja, nakala ya DD 214 ambayo nilizungushia duara tarehe za kisanduku 18, na nakala za vyeti na amri. Nakala, si karatasi zenyewe. Nikitaka kupiga simu Fort Knox nilisubiri saa kumi jioni, ambapo kule ni asubuhi. Miezi minne baadaye DD 215 ikaja. Sina mengi ya kusema juu ya hilo fungu, lilikuwa kazi ya kupanga karatasi.

Beji ndiyo ilinikosesha usingizi.

Ilikuwa Machi 2011, saa nane usiku. Lori langu lilikuwa la tatu katika msafara. Bomu lililofichwa chini ya kalvati lililipuka mbele yetu kidogo, kioo kikajaa nyufa, kisha risasi zikaanza kutoka upande wa bustani za makomamanga. Aliyekuwa kwenye bunduki juu yangu alijibu. Mimi nilitoa lori katika eneo lile kama tulivyofundishwa. Tulitoka wazima wote, ndiyo maana labda hakuna aliyeandika.

Wanaotoa beji hii wanataka maelezo yako mwenyewe na ya mashahidi wawili walioona kwa macho. Wa kwanza, sajini wangu mstaafu, nilimpata Texas. Wa pili, yule wa bunduki, alikuwa Ohio, na tulikuwa hatujazungumza miaka tisa. Nilipomweleza ninachotaka alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akasema ataandika.

Hapa nilifanya kosa ambalo baba ndiye aliyelisahihisha. Niliandika maelezo kwa niaba yao ili wasaini tu. Baba aliposikia alikasirika. "Shahidi haandikiwi. Watatu mkisema maneno yale yale, atakayesoma atajua aliyeandika ni mmoja." Nikafuta, nikawaomba kila mmoja aandike alichokiona kutoka pale alipokuwa amekaa.

Yakaja maelezo mawili yasiyofanana hata kidogo. Sajini alikumbuka umbali na mpangilio wa magari. Wa bunduki alikumbuka harufu, na kwamba nilikuwa nikimwita jina lake mfululizo kujua kama bado yu hai. Mimi hilo sikulikumbuka kabisa. Lakini tarehe ziligongana: mmoja ameandika 14 Machi, mwingine 15.

Nililala na hilo jambo siku tatu nikiamini ombi limekufa. Kumbe sajini aliandika kwa daftari lake la kazi, na taarifa za jeshi hufuata saa ya Zulu, ya Greenwich. Afghanistan iko mbele kwa saa nne na nusu. Saa nane usiku ya tarehe 15 kule ni saa tatu na nusu usiku ya tarehe 14 kwa Zulu. Wote wawili walikuwa sahihi. Sikuwaomba wabadilishe neno. Nililieleza jambo hilo katika maelezo yangu kwa sentensi mbili, nikaongeza mchoro wa barabara, kalvati na malori.

Nilikuwa najiandaa kwenda ubalozini Msasani kugongewa muhuri wa kiapo, ambao ni dola 50 kila mmoja. Kisha nikafahamu kwamba sheria ya Marekani inakubali tamko lililosainiwa nje ya nchi bila muhuri, mradi uandike kwamba unatamka chini ya adhabu ya kusema uongo, kwa mujibu wa sheria za Marekani, kuwa uliyoyasema ni kweli, kisha uweke tarehe na saini. Nikafanya hivyo.

Safari hii nilisubiri miezi kumi na moja. Amri ya beji ilinifikia siku ya Jumamosi, nikiwa nachambua mchicha na mama barazani. Nilimsomea baba kwa Kiswahili pale pale. Aliniomba nirudie tarehe. Kisha akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti, akazisogeza za kwake upande mmoja.

Wiki iliyofuata nilimpigia yule wa Ohio kumshukuru. Nikamuuliza ya kwake ilitoka lini. Hakuwahi kuipata. Alikuwa amesimama juu yangu, kifua wazi kwa risasi, na kisanduku chake namba 13 hakina hiyo beji.

Juzi usiku nimemaliza kumwandikia ushahidi wangu. Nimeeleza kioo, bustani, na sauti ya bunduki yake, na mahali pa tarehe nimeweka zote mbili, ya Zulu na ya kule. Sajini anaandika wa kwake.