Mstari wa namba kutoka mwembeni hadi mkoroshoni

Aliyetunga ile kanuni ya mstari wa namba, "kujumlisha nenda kulia, kutoa nenda kushoto", nadhani hajawahi kuwaweka watoto wanane pande mbili za mstari mmoja uliochorwa chini. Mimi nimewaweka, uani kwangu hapa Mikindani, wa darasa la kwanza na la pili. Nikasema sita jumlisha tatu. Wanne wakasimama kwenye 9, wanne kwenye 3, na kila mmoja anaapa kaenda kulia. Na kweli kaenda! Waliosimama upande wa jikoni, kulia kwao ni kushoto kwa wenzao. Ushauri ule alinipa shemeji yangu, na mpaka leo haukubali ubaya wake.

Siku hizi sitaji mkono wowote. Sifuri iko kwenye shina la mwembe, ishirini iko kwenye mkorosho. Kujumlisha unakwenda mkoroshoni, kutoa unarudi mwembeni. Mtoto asimame upande autakao, miti haihami. Tukiingia kwenye daftari, ncha moja ya mstari anachora embe na nyingine korosho. Usimkataze kuchora, ataacha mwenyewe.

Kabla ya kuchora chini nilikuwa na kamba, na kamba ile ilinitia adabu. Nilinunua ya nailoni, mita kumi, elfu tatu au nne hivi, nikaweka alama 21 kwa mkaa kila sentimita 45, za sifuri hadi ishirini. Alama zote zilipokuwa tayari ndipo nikaanza kufunga mafundo. Hapo ndipo nilipoharibu. Fundo linakula kamba: moja sentimita tatu, jingine tano, kutegemea ulivyolikaza, na likikazwa linateleza pembeni ya alama. Nilipomaliza, mstari wangu umepungua karibu mita nzima na nafasi hazilingani. Nikaikunja katikati, sifuri juu ya ishirini; mkunjo ulipaswa kuangukia fundo la kumi, ukaangukia hewani kati ya kumi na kumi na moja. Kama bado unataka kamba, pima ukitokea fundo ulilokwisha kulikaza, moja baada ya jingine. Au funga vipande vya kitambaa badala ya mafundo.

Nafasi zisizolingana ningezivumilia. Kilichoniudhi ni kwamba watoto walihesabu mafundo. Tatu jumlisha nne: anashika fundo la 3, anasema "moja", la 4 "mbili", la 5 "tatu", la 6 "nne". Jibu sita. Tisa toa nne, kwa mwendo uleule, anapata sita badala ya tano. Ukiona majibu ya kujumlisha yanapungua moja na ya kutoa yanazidi moja, usimwambie mtoto arudie kwa makini. Yuko makini sana. Anahesabu mahali aliposimama, wakati mstari wa namba unahesabu hatua, yaani nafasi iliyo kati ya alama na alama. Nilieleza hilo kwa maneno siku tatu, nikaambulia macho.

Dawa niliipata kwenye bao. Watoto wa hapa wanawatazama wazee wakicheza barazani tangu hawajajua kusoma, na kila mmoja anajua kwamba ukichota kete shimoni, ya kwanza huirudishi shimo lilelile, unaiweka shimo linalofuata. Basi nikawapa komwe, zile mbegu ngumu zinazotumika kama kete za bao. Sita jumlisha tatu: simama kwenye 6, shika komwe tatu mkononi, piga hatua moja udondoshe komwe pale mguu ulipotua, hatua nyingine, komwe nyingine, mkono ukiwa mtupu umefika. Hakuna kuhesabu kwa mdomo kabisa. Kutoa ni vilevile, ukielekea mwembeni. Baada ya siku chache nikaondoa komwe, wakaanza kutamka, ila kwa sharti: "moja" inatamkwa mguu ukishatua, siyo ukinyanyuka.

Mchoro wenyewe ni rahisi. Mchanga mkavu haushiki mstari, kwa hiyo mwaga maji ndoo moja kwanza. Kwa mtoto wa miaka saba sentimita 40 kwa hatua zinatosha, hivyo ishirini ni mita 8. Kata kijiti cha urefu huo, uwe unakigeuza kutoka alama hadi alama. Namba ziandike kwenye vizibo vya soda, na kizibo kikae juu ya alama, kisikae katikati ya nafasi. Na usianzie 1. Utakuja kuuliza tano toa tano, mtoto akose pa kwenda.

Kizibo cha 10 nilikichagua chekundu, kwa makusudi. Nane jumlisha tano sitaki wapige hatua tano za kuchechemea. Ruka mbili ufike kwenye chekundu, zimebaki tatu, ruka tatu, 13.

Kutoa kwa kurudi nyuma kunachosha namba zinapokaribiana. Kumi na tatu toa nane, simamisha mtoto mmoja kwenye 13 na mwingine kwenye 8, waulize wako mbali hatua ngapi. Wangu walisema huko siyo kutoa, ni kujumlisha. Nikawakumbusha mwenye duka: umempa elfu moja, kitu ni 650, anakuwekea hamsini, "mia saba", anakuwekea mia tatu, "elfu". Chenji 350, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Wa la pili sasa wanafanya 63 toa 28 hivyohivyo, kwenye mstari mtupu wa daftari: kutoka 28 hadi 30 ni 2, hadi 60 ni 30, hadi 63 ni 3. Jumla 35, bila kukopa. Lakini usiwafikishe hapo ghafla. Ondoa vizibo kidogo kidogo, vibaki 0, 10 na 20, ndipo na hivyo viondoke.

Wiki iliyopita binti mmoja wa la kwanza alijipa mwenyewe tatu toa tano. Akafika shinani, zimebaki hatua mbili, akazunguka mwembe akazipiga upande wa pili. "Mjomba, huku hakuna kizibo." Kumjibu kwamba haiwezekani ningekuwa namdanganya. Nikamchorea alama mbili nyuma ya mwembe, kwa kijiti kilekile cha sentimita 40, nikaziacha bila namba.