Kilo 100 tena, baada ya pingili kuteleza

Miezi 14 iliyopita, eksirei ilionyesha kwamba pingili yangu ya 5 ya kiuno, yaani mfupa mmojawapo wa uti wa mgongo, imeteleza mbele juu ya ile iliyo chini yake, daraja la kwanza, yaani chini ya asilimia 25 ya upana wa pingili hiyo ya chini. Leo asubuhi nimenyanyua kilo 100 kutoka sakafuni, mara 3, bila ganzi wala maumivu ya kushuka mguuni, na machozi yamenitoka.

Nilianza na mti wa ufagio, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Kilichonichukua muda mrefu zaidi, kuliko hata kuongeza uzito, ni kujifunza kukaza tumbo kabla ya kunyanyua na kuacha kuupinda mgongo kwa nyuma nikishasimama wima, kwa kuwa kujipinda huko huielemea sehemu ileile iliyo dhaifu. Jumatano narudi kwa kilo 80.