Mama mkwe alivyonivusha mtihani wa bima Texas

Nianze na alama zangu za mara ya kwanza, maana watu wetu hutangaza walivyofaulu na kufukia walivyofeli. Nilipata 61. Zinatakiwa 70. Nilitoka kwenye kituo cha mtihani hapa Houston na karatasi yangu ya matokeo, nikakaa ndani ya gari bila kuliwasha, Agosti hiyo, jua la Texas linanikaanga, mpaka mke wangu akapiga kuuliza kama nimeshakuwa wakala. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Leseni yenyewe inaitwa General Lines, ya mali na dhima: inakuruhusu kuuza bima ya nyumba, ya gari, ya duka, ya mtu aliyeteleza mlangoni kwako akakushtaki. Anayeitoa ni Texas Department of Insurance, sisi tunasema TDI. Wakati huo nilikuwa naosha vyombo jikoni kwenye mgahawa, na mwenye ofisi moja ya bima huku kusini magharibi mwa jiji aliniambia: wateja wangu nusu ni Waswahili, lete leseni nikupe meza.

Nikawauliza watu. Hapo ndipo pesa zilipoanza kutoka.

Shemeji yangu anakaa New York. Akaniambia huruhusiwi hata kugusa mtihani bila kumaliza saa 90 za darasa. Nikalipa darasa la mtandaoni, dola mia mbili na ushee, sikumbuki vizuri na sitaki kukumbuka. Nilipofika kama saa ya thelathini nikasoma masharti ya Texas kwa macho yangu mwenyewe: Texas haimlazimishi mtu darasa lolote. Jisomee chini ya mwembe ukitaka, mradi ufaulu. Shemeji hakunidanganya, aliniambia ukweli wa New York. Florida wao wanadai saa 200. Tangu sheria ya McCarran–Ferguson ya mwaka 1945, bima nchi hii imeachiwa majimbo, kila jimbo na mapishi yake. Kwa hiyo mtu akikushauri habari za leseni, kwanza muulize anaishi wapi.

Ushauri wa pili ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulikuwa mtamu. Kundi la WhatsApp: "Kaka, usijichoshe na vitabu, kariri maswali." Nikapakua programu ya maswali. Baada ya wiki tatu napata 93, 95, natembea kifua mbele. Kumbe nilichokariri ni sura ya swali. Nikiona neno "tetemeko" nabonyeza B. Mtihani wa kweli ukaja na maswali yale yale yaliyovaa nguo nyingine, na mwishoni kumebandikwa neno EXCEPT, yaani isipokuwa, kama mwiba wa samaki kwenye wali.

Shida yangu kubwa lakini ilikuwa maneno. Nusu ya leseni inaitwa casualty, na mimi nilifika wiki ya pili nikiamini ni majeruhi, kama taarifa ya habari inaposema watu kumi na wawili. Kumbe sehemu kubwa ya casualty ni dhima: wewe umemdhuru mwenzako au umeharibu chake, nani analipa. Halafu kuna peril, kuna hazard, kuna risk, na mtihani unataka uzitofautishe kama watoto wako. Kamusi kichwani mwangu ilikuwa inatoa jibu moja: hatari, hatari, hatari. Nilikuwa nasoma sentensi inayosema hatari inaongeza hatari ya hatari.

Mama mkwe yuko Tanga. Ni mweka hazina wa kikoba, mwaka wa kumi na kitu huo, na hajawahi kupoteza hata shilingi mia. Alipiga kumsalimia mke wangu jioni ya ile siku ya 61, mke wangu yuko bafuni, nikapokea mimi. Shikamoo mama. Marahaba baba, mbona sauti imezama? Kwa aibu ya ukwe ningenyamaza, ila nilikuwa nimechoka. Nikamwambia nimefeli mtihani wa bima. Akauliza, "Walikuuliza nini?" Nikaanza kumweleza tofauti ya peril na hazard, nikakwama dakika hiyo hiyo. Sikuwa naijua. Nilikuwa naijua herufi ya jibu tu.

Akaniambia, "Ukishaelewa unitumie sauti, na mimi nielewe."

Ikawa hivyo wiki sita. Nikitoka kazini usiku, kule ni asubuhi, namtumia ujumbe wa sauti wa neno moja. Sharti langu: hakuna neno la Kiingereza zaidi ya lile linaloelezwa. Yeye anarudisha maswali, na maswali yake yalikuwa makali kuliko ya TDI. Peril tukaikubali kuwa janga lenyewe: moto, upepo, wizi. Hazard ni kile kinacholiita janga: mtungi wa gesi unaovuja, waya uliotafunwa na panya. "Basi moto ni mgeni," akasema, "na huo mtungi ndio uliomkaribisha." Nimeshauza bima mpaka leo sijasikia maelezo bora.

Ngoja niwape ile ya herufi moja. Kuna moral hazard na kuna morale hazard. Tofauti ni herufi e na nilikuwa nazibadilisha kila mara. Ya kwanza: mtu anachoma duka lake mwenyewe alipwe. Ya pili: mtu haibi wala hachomi, ila kwa kuwa ana bima anaacha gari wazi na ufunguo ndani, potelea mbali, watalipa. Mama mkwe akasikiliza, akajibu kwa sekunde tano: "Wa kwanza mwizi, wa pili mzembe. Mwenye e ndiye mzembe, kaongeza herufi isiyo na kazi." Sijakosea tena maishani.

Kilichotugombanisha ni coinsurance. Mfano wangu ulikuwa huu: jengo lina thamani ya dola 200,000. Mkataba unataka ulikatie bima angalau asilimia 80, yaani 160,000. Mwenyewe kabana matumizi, kakata 120,000. Moto umeunguza upande mmoja, hasara 40,000. Kampuni inampa 30,000, halafu inakata kile kiasi anachobeba mwenyewe, tuseme 1,000. Mkononi 29,000.

Mama mkwe akakasirika. Kwa niaba ya yule mtu asiyekuwepo! "Yaani kakata bima ya laki na ishirini, hasara ni arobaini, arobaini imo ndani ya laki na ishirini, kwa nini asipewe yote? Huo si wizi? Na wewe ndiyo kazi unayoitafuta?" Nikamsomea kanuni: kiasi alichokata, gawa kwa alichotakiwa kukata, zidisha kwa hasara. Akaniambia hiyo ni hesabu, yeye anataka sababu. Sababu sikuwa nayo. Nikalala nimenuna.

Kesho yake nakuta sauti ya dakika nne, kuku wanalia nyuma. "Baba, nimefikiri usiku. Nyumba haiungui yote kila siku, inaungua jiko, inaungua chumba. Sasa kila mtu akijua hivyo si atakata bima ya jiko tu, atembee na nyumba nzima bure? Ni kama mchango wa harusi. Kamati imesema kila nyumba laki na sitini. Wewe umeleta laki na ishirini, robo tatu. Sahani yako ya pilau ije robo tatu, usituangalie. Na nauli ya kufika ukumbini ujilipie." Ile nauli ndiyo ile elfu moja! Sikumfundisha mimi. Aliiweka mwenyewe mahali pake.

Nikarudia mtihani nikapata 84. Katikati ya chumba kile cha kimya swali la morale likatokea, nikacheka kwa sauti, msimamizi akaja kusimama nyuma yangu. Hesabu ya pilau nayo ilikuwepo, tarakimu nyingine. Mambo ya Texas yenyewe hayana ujanja, unayameza: bima ya chini kabisa ya gari ni 30/60/25, maana yake dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima, 25,000 kwa mali ya mwenzako. Mteja akikataa kinga ya dereva asiye na bima lazima akatae kwa maandishi, na ile inayomlipia yeye na abiria wake matibabu bila kujali nani kakosa ni hivyo hivyo. Kwa waliozoea nyumbani: thadi pati ndiyo hiyo 30/60/25, bima kubwa ni habari nyingine.

Nilidhani nimemaliza. Leseni inadai pia alama za vidole, na zangu zikakataa. Miaka miwili ya sabuni ya mgahawa ilikuwa imenila vidole vikawa laini kama vya mtoto mchanga, mashine haioni mistari. Ikabidi nirudi. Nikapaka mafuta ya nazi kila usiku kwa wiki mbili, asubuhi naosha, nikavaa glavu kazini huku wenzangu wananiita daktari. Mara ya pili zikapita. Ukijumlisha mitihani miwili, maombi, vidole, na lile darasa la shemeji, kama dola mia nne zilikwenda, labda mia nne na nusu. Ingetosha kama mia na kitu.

Kuipata leseni kulinichekesha baadaye. Kuitunza hakujanichekesha bado. Kila miaka miwili, kwa kufuata mwezi wako wa kuzaliwa, unaihuisha, na kabla ya hapo uwe umesoma saa 24 za masomo ya kuendelea, baadhi yake za maadili, na nusu lazima ziwe za darasani au zinazohesabika sawa na darasani. Nilijua yote haya. Nilikuwa nawaambia wengine. Mimi mwenyewe nikakumbuka zikiwa zimebaki siku tisa, na taarifa zilikuwa zinakwenda kwenye barua pepe ya zamani niliyokwisha kuisahau hata neno lake la siri. Nikasoma usiku na mchana, nikabakiza saa sita. Faini ni dola 50 kwa kila saa inayopungua. Piga mwenyewe. Nilipomsimulia mama mkwe akauliza swali moja tu: "Sasa wewe ni yule wa e?"

Siku hizi nasoma saa mbili mbili kila mwezi, siku ninayolipa kodi ya nyumba.

Kilichoilinda leseni yangu kuliko hayo masomo ni daftari. Julai 2024, kimbunga Beryl kilipopita hapa, mama mmoja wa Kikongo, mteja wangu wa nyumba, alinipigia analia: "Mwanangu, nililipa asiranse ya nyumba yote, sasa maji iliingia, mbona munakataa?" Bima ya nyumba ya kawaida hailipi mafuriko. Ya mafuriko hukatwa peke yake, ile ya serikali kuu inafika dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo, na kwa kawaida inasubiri siku 30 kabla ya kuanza, kwa hiyo wanaonipigia dhoruba ikishapewa jina huwa wanapiga kunisalimia tu. Mama yule nilikuwa nimemweleza. Nilifungua faili: tarehe, nilichosema, na sahihi yake kwamba ya mafuriko haitaki. Mwanawe alikuja ofisini amekunja ndita, akasoma, akakaa kimya. Sikufurahi hata kidogo, maana sebule ya mama ilikuwa imeoza. Lakini bila karatasi ile ningekuwa naeleza mbele ya TDI. Tangu siku hiyo sisemi "mafuriko" nikaishia hapo. Nasema: maji yakitoka juu kwa paa lililotobolewa na upepo, habari moja, yakitoka chini yakapanda mlangoni, habari nyingine. Na namwambia mtu anirudishie kwa maneno yake, kama nilivyofanyiwa kutoka Tanga.

Watu wetu pia wanapenda kupunguziwa. Tumekulia Kariakoo na Gikomba, bei haikubaliwi bila kuguswa. "Kaka, kamisheni yako unapata, nirudishie hata hamsini." Siwezi. Kumrudishia mteja sehemu ya kamisheni ili anunue ni kosa, na kugawana kamisheni na mtu asiye na leseni ni kosa pia. Wengine wananiona mchoyo. Mmoja alihama kwenda kwa wakala mwingine kwa ajili hiyo, mwaka uliofuata akarudi, hatukuulizana.

Mama mkwe naye, nilipomwambia nimeuza bima ya kwanza, aliuliza kamisheni yake iko wapi. Nikamsomea sheria. Akasema hiyo sheria ya Texas, yeye yuko Tanga. Nikamtumia ya kitenge, kwenye ujumbe nikaandika wazi kwamba ni zawadi kutoka kwa mkwe. Akajibu kwamba ameelewa, na kwamba harusi ya mdogo wake mke wangu ni Desemba, kamati imeshakaa.